Safu Niliyoiziba

Nianze na mguu, maana bila huo mguu nisingejua lolote kuhusu nyota.

Nilianguka kutoka juu ya ndoo. Ndoo ya lita ishirini, nimeigeuza kichwa chini, nimepanda juu yake na uzee wangu huu ili nichungulie upande wa pili wa ukuta. Jirani yangu wa ubavuni alikuwa anamtoa mwali, na mie hakunialika, kwa kuwa tulikuwa hatusemeshani tangu lile suala la kamba ya kuanikia nguo. Nilitaka tu nione nani kaalikwa. Nikawaona. Ningeweza kuwataja hapa mmoja mmoja, na mama zao, na nyumba walizopanga kabla ya kuhamia kwetu, maana kichwa changu majina hakipotezi. Ila nimekatazwa. Mjukuu wangu kaniambia, bibi, kama unaandika, andika bila jina la mtu, wenyewe wapo na wanasoma. Haya. Niliwaona wote, nikajinyoosha kidogo nimwone na mpishi, ndoo ikanitoka.

Hospitali wakanifunga hogo, ile bandeji ngumu nyeupe, kutoka gotini hadi karibu na vidole. Waliokuja kunipa pole niliwaambia nimeteleza bafuni. Wakaguna, wakasema bafu za siku hizi na hivi vigae vinaua watu. Bafu langu halina kigae hata kimoja.

Mjukuu wangu wakati huo alikuwa ng'ambo, kwenye kisiwa kilichoko katikati ya bahari nyingine kabisa, juu ya mlima wenye baridi. Huko kuna darubini kubwa kama nyumba. Nikampigia.

"Mke mwenzangu," nikamwambia. Ndivyo tunavyoitana, utani wa babu yake. "Mie naondoka."

"Unaondoka unakwenda wapi, bibi?"

"Kwa babu yako."

Babu yake ni marehemu. Mtoto akalia kwenye simu, akakata tiketi, akapanda ndege tatu. Alipoingia ndani alinikuta nimekaa kitandani na sahani ya chapati na maharage, nachekea jambo fulani kwenye redio. Akanitazama. Akatazama mguu. Akatazama sahani.

"Bibi, ulisema unakufa."

"Nilikuwa nakufa. Nimepata nafuu."

Baadaye ndiyo nikajua alichokiacha. Kule mlimani walikuwa wanafunga chombo kipya kwenye darubini, wanakijaribu kabla hakijaanza kazi yenyewe. Chombo kina jina lake, spektrografu, na hilo ndilo jina pekee lililonichukua siku tatu kulishika. Vijana wa majaribio walikuwa wawili, yeye na mwenzake, na nafasi ya kubaki kule kwa kazi ya kudumu ilikuwa moja. Bosi wao, mama mmoja mzee mwenye nywele fupi ambaye nimemwona kwenye simu, alimwambia nenda kamwone bibi yako, fanya sehemu yako ukiwa huko huko, na sehemu yako ikitoka safi tutazungumza. Ikitoka mbovu, basi. Hivyo ndivyo mguu wangu ulivyokaa katikati ya barabara ya mtoto wa watu.

Nami sitasema uongo, sikusikitika sana. Nilifurahi. Nyumba ilikuwa imerudi kuwa na mtu wa kugombana naye asubuhi.

Alifanyia kazi sebuleni, kompyuta juu ya meza ya chakula, nyaya zimepita mpaka chini ya kochi langu. Usiku wa kule ni mchana wa kwetu, kwa hiyo yeye nyota zake alikuwa anazifuatilia asubuhi, mama wa samaki anapita anaita. Habari zikaenea mtaani. Akaja mwanamke mmoja, wa nyumba ya tatu kutoka msikitini, akakaa kwenye mkeka, akavua viatu kwa heshima.

"Shikamoo."

"Marahaba. Karibu."

"Nasikia mjukuu wako anatazama nyota."

"Anatazama."

"Basi anitazamie na yangu. Biashara imelala tangu mfungo sita."

Mjukuu wangu akamweleza taratibu kwamba yeye si mtu wa mambo hayo. Mwanamke akaondoka akinitazama mie, kana kwamba ndiye niliyemnyima. Nami kwa kweli nilikuwa nimeshaanza kufikiria tungempokea siku gani.

Ili nisiwadanganye tena watu, mtoto akanieleza kazi yake. Aliweka glasi ya maji dirishani, jua likapita, rangi za upinde wa mvua zikalala ukutani juu ya kalenda.

"Mwanga wa nyota ukiupasua hivi," akasema, "unakwambia nyota imeumbwa kwa vitu gani na inaelekea wapi. Zamani walipasua mwanga wa nyota moja, wakimaliza ndiyo wanahamia nyingine. Hiki kipya kinachukua nyota mia mbili na arobaini kwa mpigo mmoja."

"Kama mie kwenye harusi."

"Kama wewe ukutani," akasema. Alikuwa keshajua. Nani alimwambia sijui mpaka leo, na ni jina moja tu hilo nisilolijua.

"Kila nyota," akaendelea, "ina uzi wake wa kioo, mwembamba kama unywele. Mwanga unaingia juu, unapita ndani ya uzi, unatokea chini. Na huko chini nyuzi zote zimepangwa safu moja, bega kwa bega."

"Kama kwenye swala."

"Hivyo hivyo, bibi."

Hapo ndipo alipojiharibia mwenyewe. Angesema hapana, tungepona.

Kabla chombo hakijapandishwa kwenye darubini, walitaka kujua uzi upi unatokea nafasi ipi kwenye ile safu, maana huko katikati zimepindana kama mizizi. Mwenzake aliyeko mlimani anamulika uzi wa kwanza. Mjukuu wangu anakodolea kompyuta, anaona kijinuru kimetokeza nafasi ya ngapi, anataja. Kisha uzi wa pili, wa tatu, mpaka mia mbili na arobaini. Na utaratibu wao ni kwamba anayeangalia haandiki. Anaandika mtu wa pili, ili macho yasitoke kwenye kioo. Kule ofisini hukaa wawili. Hapa nasi tulikuwa wawili, yeye na mie.

"Utaweza, bibi?"

Mie shule niliishia la pili. Kuandika nilikuja kujifunzia ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, na mwandiko wangu mpaka leo ni kama kuku kapita kwenye unga. Lakini kuulizwa utaweza mbele ya mzungu aliyeko kwenye simu, yule mwenzake wa mlimani, nikakohoa, nikavaa miwani, nikasema lete daftari.

Daftari alikuwa kalipigia namba kabisa, moja mpaka mia mbili na arobaini, kushuka chini. Kazi yangu ilikuwa kuandika kile anachotaja mbele ya kila namba. Sasa mie namba hazinikai kichwani. Majina ndiyo yanakaa. Kwa hiyo kila uzi nikaupa mtu. Nikaanzia msikitini, nyumba ya kwanza, mama mwenye nyumba, mabinti zake, wapangaji wake, nikashuka na mtaa. Yeye akitaja nafasi, mie namwona mtu wangu amesimama mlangoni, naandika. Nilienda vizuri sana. Nilijisikia mtu wa maana. Nilifikiri hata kumwomba yule bosi barua.

Tulipofika mia na ishirini na tisa, nilikuwa nimefika kwa jirani yangu wa ubavuni.

"Hakuna," akasema mjukuu wangu.

"Hakuna nini?"

"Hakuna mwanga. Uzi umekufa. Upo mmoja mmoja wa hivyo, kawaida tu. Twende unaofuata."

Nami ningepaswa kuchora kistari kwenye namba hiyo, nikaendelea na mstari wa chini yake. Alinieleza hivyo mwanzoni, nakiri. Ila mimi nimesimama kwenye safu za wanawake tangu nina miaka saba. Mtu akitoka kwenye safu, udhu umemtoka au mtoto analia, pengo haliachwi. Waliobaki wanasogea, bega linakutana na bega. Mkono wangu ulisogea wenyewe. Aliyefuata nikamwandika mahali pa jirani, na wa nyuma yake akasogea, na wa nyuma yake, mtaa mzima mpaka kituo cha mabasi. Tena kuandika kwamba jirani yangu amekufa, na ugomvi wetu ule, ningeonekana nimemwombea.

Mwisho wa daftari ukabaki mstari mmoja mtupu. Hapo nikaandika kwa herufi kubwa: MAREHEMU. Nikaona nimemsitiri vizuri.

Mjukuu wangu alikuwa amechoka, macho mekundu. Akapiga picha kurasa, akajaza kwenye kompyuta. Alikumbuka uzi uliokufa ulikuwa mmoja, na kwenye daftari aliyekufa alikuwa mmoja. Hesabu imetimia. Akanibusu kwenye paji la uso.

Wiki mbili baadaye chombo kilikuwa juu ya darubini na majaribio ya nyota zenyewe yakaanza. Walianza na nyota chache zinazojulikana, ambazo mwanga wake wameshaupasua kwa vyombo vya zamani, kama unavyompima mpishi mgeni kwa wali mweupe kabla hujamkabidhi biriani. Nilijua mambo yameharibika kwa jinsi alivyoacha chai ikapoa.

"Nyota nyekundu inanipa mwanga wa nyota ya buluu," akasema. "Na hii ya buluu inanipa mwanga wa kitu ambacho hata sikijui."

"Labda zimebadilika."

"Bibi, nyota hazibadiliki kwa wiki."

Nyota za namba za mwanzo zilikuwa sawa. Za mwisho ndizo zilikuwa hovyo. Vurugu inaanzia wapi hawakuweza kuona, kwa sababu zile zinazojulikana zilikuwa chache na zimekaa mbalimbali, na zilizobaki hakuna aliyejua mwanga wake unatakiwa uweje. Kurudia kumulika uzi mmoja mmoja ilikuwa lazima wakishushe chombo, na kukishusha na kukipandisha ni kazi ya wiki nzima, na darubini ina foleni ya watu. Wote walianza kushuku programu aliyoiandika yeye. Yeye mwenyewe akaishuku. Siku tatu alikaa anaipekua mstari kwa mstari, hali chakula, hanigombezi hata nikiongeza sauti ya redio.

Nami nikapika pilau. Naandika hivi kwa aibu. Nilipika pilau ya nyama na kachumbari, kwa sababu moyoni nilijua, ikishindikana huko, atabaki hapa. Atatafuta kazi mjini, atapanga Kimara karibu na mama yake, Jumapili atakuja. Nilikuwa nimeshamchagulia na pazia.

Siku ya nne, Ijumaa, wanawake wa mtaa walikuja kunisomea dua ya mguu. Adhuhuri ikaingia, wakasema tuswali hapa hapa. Tukapanga safu sebuleni, mie nimekaa kwenye kiti pembeni kabisa, hogo limenyooka mbele kama bunduki. Kabla hatujaanza, mama wa katikati akatoka, simu yake inalia chumbani. Aliyekuwa anatuongoza akasema, "Zibeni, zibeni." Wakasogea. Mjukuu wangu akaingia mahali pa muuza vitumbua, muuza vitumbua akaingia mahali pa mama mkwe wa fundi cherehani, wote mpaka kwangu. Na mie nikakokota kiti.

Nikaangalia ile safu. Kila mtu amesimama mahali pa mwenzake.

Sikumbuki niliswali rakaa ngapi. Mungu anisamehe, niliswali nikiwa kwenye daftari, kwenye mstari wa jirani yangu.

Sasa mtu mwenye akili angesema pale pale baada ya salamu. Mie nilinyamaza mpaka kesho yake. Nilijipa sababu nyingi nzuri. Kwamba sina uhakika. Kwamba mambo ya wasomi yana wenyewe. Kwamba pengine ni mpango wa Mungu mtoto abaki nyumbani, na mie nani nimwingilie. Ile ya mpango wa Mungu niliipenda sana, nikalala nayo.

Asubuhi bosi akapiga. Simu ilikuwa mezani, sauti imefunguliwa. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini mtu akiwa anakemewa unaelewa kwa lugha yoyote. Kisha nikamsikia mjukuu wangu anajibu, na alipokata nikamuuliza alichosema.

"Nimesema kosa litakuwa kwenye orodha au kwenye programu, na zote ni zangu. Orodha niliandika mwenyewe."

"Hukuandika wewe."

"Nitamwambia nini, bibi? Kwamba niliandikiwa na mgonjwa?"

Alisema bila hasira, akachukua kikombe changu kwenda kukiosha. Hapo ule mpango wa Mungu ukaniishia.

"Mke mwenzangu, kaa chini."

"Unaumwa?"

"Kaa. Yule aliyekufa, sikumwacha mahali pake."

"Nani kafa?"

"Uzi. Ulisema hakuna mwanga. Mie nikaziba."

Alisimama na kikombe mkononi. Maji yanadondoka sakafuni. "Ukaziba vipi?"

"Kama kwenye safu. Wote nikawasogeza, yeye nikampeleka mwisho. Ndiyo yule marehemu wa chini."

"Bibi!" Akaweka kikombe. "Bibi, ni wa namba ngapi? Unakumbuka?"

"Namba sikumbuki."

Akajishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ila mtu namkumbuka," nikasema. "Ni huyu wa ubavuni."

Ilibidi nimweleze habari ya majina. Akachukua kalamu, akasema anza. Nikaanzia msikitini. Nikawataja wote, mama na mabinti na wapangaji, yeye anapiga vijistari vitano vitano kwenye karatasi. Kwenye nyumba yenye geti la bluu akanisimamisha, "Huyo si alishahama?" nikamwambia alihama lakini kwangu bado anakaa. Nilipofika kwa jirani nikasema huyu, na yeye akahesabu vijistari. Mia na ishirini na tisa.

"Bibi, yaani ulimuua jirani ukamzika mwisho wa daftari?"

"Nilimsitiri."

Akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kisha akahamia kwenye kompyuta, akamrudisha marehemu mahali pake, wote waliokuwa nyuma yake wakarudi hatua moja. Akabonyeza. Tukangoja, mie nimeshika mguu kana kwamba ndio utakaoamua.

Nyota nyekundu ikapata mwanga mwekundu. Ya buluu ikapata wake. Akajaribu nyingine, na nyingine, zote zilizojulikana, kila moja ikakaa na mwanga wake. Akapiga simu mlimani, nikasikia watu wanashangilia huko, usiku wao, kama goli limeingia. Bosi akauliza swali. Mjukuu wangu akanitazama.

"Anauliza nimelijuaje kosa."

"Mwambie ni mie."

"Nimwambie ukweli wote?"

"Na ndoo pia, kama unataka."

Akasema. Yule mama akaniomba nije kwenye kamera. Nikajifunika vizuri. Akanisalimia kwa kichwa, nami nikamnyooshea mguu, maana ndio uliokuwa karibu.

Nafasi akapewa yeye. Ndivyo nilivyoipata pilau yangu ikiwa imepoa: mdomo wangu mwenyewe ndio uliompeleka. Aliondoka siku nne baada ya mie kukatwa hogo, na uwanja wa ndege nilimsindikiza na fimbo, nikilia kwa sauti mpaka askari wakanisogezea kiti.

Niliporudi nilipitia kwa jirani wa ubavuni kabla sijafika kwangu. Nilipiga hodi. Akafungua, akanitazama mguuni.

"Nimekuja kukuomba radhi," nikasema. "Nilikuandika umekufa." Nikamweleza.

"Katika watu wote wa mtaa huu," akasema, "aliyekufa ni mie peke yangu?"

"Peke yako."

"Na walinifufua?"

"Wamekurudisha mahali pako. Upo kule kwenye mashine, mia na ishirini na tisa. Wanaandika kabisa, hapa hapana kitu, wala hasogezwi mtu."

Akafikiri. Kisha akanipisha mlangoni. "Ingia unywe chai. Na siku ile ya mwali, kichwa chako tulikiona wote. Tulikuwa tunangoja uombe sahani."

Chumba cha mjukuu wangu watu wameshaniambia nikipangishe. Nimesema nitaona. Kitanda kipo, neti ipo, na jana nimekuta mtu kaniwekea humo gunia la mkaa, nimelitoa.

Naye hupiga simu asubuhi, kabla hajaanza nyota zake. Juzi akaniuliza, "Bibi, unaumwa? Sauti yako nzito."

Nilikuwa na kikohozi siku hiyo, kikohozi kizuri cha kifuani, cha kumrudisha mtu kutoka mlima wowote. Nikakimeza.

"Siumwi," nikamwambia. "Fanya kazi."